Pumzi ya Afande

Siku ya usajili wa makurutu wa polisi, vijana hufika uwanjani umande ukiwa bado kwenye nyasi. Kila mmoja ana bahasha ya kaki yenye vyeti. Hukaguliwa meno, hupimwa urefu, hutazamwa nyayo, kisha huambiwa wavue viatu wakimbie. Kijana wa Bukura, huko Kakamega, aliyekulia kwenye vilima vya Butsotso kati ya miwa na mahindi, haiogopi sehemu hiyo hata kidogo. Anachoogopa ni yale yanayofuata mbio zikiisha, na hayo nitayarudia.

Akibahatika, atakwenda chuoni Kiganjo, kule Nyeri, atapigishwa kwata na kukimbizwa mabondeni mpaka aive. Kisha atapewa kituo. Kutoka hapo raia hamwoni tena afande akikimbia, isipokuwa siku ya vurugu. Miaka kumi na mitano baadaye mkanda wa suruali umehamia tundu la mwisho, na pumzi ile iliyomwingiza kazini imebaki kuwa hadithi ya kuwasimulia makonstebo wapya.

Lakini hata siku ile ya kwanza, je, pumzi yake ilipimwa? Mimi nasema haikupimwa. Mbio za uwanjani huwapanga watu tu. Zikitakiwa nafasi ishirini, wa ishirini ameingia na wa ishirini na moja amerudi nyumbani, hata kama mapafu yao ni sawasawa. Kituo walipojitokeza wakimbiaji hodari kitaacha wazuri wengi, na kituo cha jirani kilichopata walegevu kitachukua walegevu. Mkulima wa Bukura hauzi mahindi kwa kuuliza ni gunia gani lililoonekana nene kuliko mengine sokoni. Huliweka kwenye mizani. Pumzi nayo ina mizani yake.

Mizani hiyo ilianza kutengenezwa miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1923 mwanasayansi Mwingereza A. V. Hill, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya Manchester: mtu anakimbia huku amebeba mfuko mgongoni, na kila anachopumua nje kinaingia mfukoni humo ili kikapimwe. Hill aligundua kwamba mwendo ukizidi kupanda, hufika mahali ambapo mwili hauwezi tena kuongeza oksijeni unayotumia. Mwendo unapanda, oksijeni imegota. Kiwango hicho ndicho dari ya pumzi ya mtu, nacho huhesabiwa kwa mililita za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wake kwa dakika moja.

Kumkimbiza mtu nje akiwa na mfuko mgongoni ni kazi ya kuchosha, ndiyo maana maabara zilihamia kwenye tredimili, ile mashine ya mkanda unaozunguka. Anayepimwa hukimbia pale pale alipo, na mpimaji huamua kasi na mwinuko. Mashine yenyewe ina ukoo wa ajabu. Babu yake ni gurudumu la ngazi lililobuniwa na mhandisi William Cubitt mwaka 1818, likafungwa katika magereza ya Uingereza ili wafungwa walipande kutwa nzima kama adhabu. Leo wanaopandishwa juu ya mjukuu wake ni askari wenyewe. Nadhani wafungwa wale wangecheka.

Utaratibu unaojulikana zaidi hospitalini ni wa daktari Robert Bruce wa Seattle, Marekani, wa miaka ya 1960. Mtu huanza kwa kutembea polepole, kilomita 2.7 kwa saa, lakini mkanda umeinuliwa asilimia 10. Kila baada ya dakika tatu kasi na mwinuko hupanda pamoja: kilomita 4 kwa asilimia 12, kilomita 5.5 kwa asilimia 14, na kuendelea. Kufikia hatua ya tano mkanda unakwenda kilomita 8 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 18, na wengi huwa wameshaomba kushuka. Nyaya kifuani husoma moyo muda wote. Penye vifaa kamili, barakoa hukusanya pumzi. Visipokuwepo, dakika alizodumu mtu hutosha kukadiria kiwango chake. Kuna ujanja mmoja unaoharibu hesabu yote, nao ni kushika vyuma vya pembeni. Anayevishika amegawa uzito wake na mashine, na namba itakayotoka itamsifu bure.

Sasa swali la kipolisi: askari anahitaji kiasi gani? Waingereza walilijibu kwa kuiangalia kazi yenyewe, yaani kukimbiza, kukabiliana na mtu anayepinga kukamatwa, kumzuia bila kumuumiza. Wakafika kwenye mililita 35. Tangu mwaka 2014, baada ya ripoti ya Tom Winsor kuhusu masharti ya kazi ya polisi, askari wa kawaida wa Uingereza na Wales hupimwa kila mwaka kwa mbio za kwenda na kurudi kwenye umbali wa mita 15, wakifuata milio inayozidi kuharakisha. Kufaulu ni kufika ngazi ya tano, mzunguko wa nne. Jumla ni mita 525 tu, dakika tatu na nusu hivi. Makurutu wetu wangeuliza kama huo ni mchezo.

Naipenda zaidi njia ya pili waliyoiweka kwa wenye magoti mabovu au umri uliosogea. Askari hupanda tredimili na kutembea, bila kukimbia hata hatua moja. Kasi haibadiliki, ni kilomita 6.2 kwa saa, lakini kila dakika mbili mkanda unainuka kwa asilimia 3, mpaka dakika mbili za mwisho anapanda mwinuko wa asilimia 12. Akimaliza dakika kumi amefikisha zile zile 35. Anayeujua mwendo wa kupanda kutoka mtoni na mtungi kichwani ataelewa mara moja: mlima hufanya kazi ya mbio, na magoti hayapigwi. Koplo wa miaka 50 anaweza kupimwa hivyo bila aibu na bila kuchanika msuli.

Kwa upande wa Kakamega liko jambo la urefu kutoka usawa wa bahari. Eneo hili liko kwenye mita 1,500 hivi, ambako shinikizo la hewa limepungua kwa takriban sehemu moja ya sita. Mzaliwa wa hapa halijui hilo kwa sababu mwili wake umezoea tangu utotoni. Lakini askari aliyehamishwa kutoka Lamu au Kilifi atahema wiki za kwanza, na kumpima wiki hiyo hiyo ni kumwonea.

Wala kuzaliwa huku si dawa. Miaka ya 1990 Bengt Saltin, bingwa wa fiziolojia kutoka Skandinavia, aliwapima wakimbiaji na wavulana wa shule wa Bonde la Ufa. Wavulana wasio wanariadha, ambao walitembea au kukimbia kwenda shule kila siku, walikuwa na kiwango cha karibu mililita 62. Wenzao waliozoea kukaa walikuwa karibu 47. Damu ile ile, milima ile ile. Tofauti ni miguu ilikuwa ikifanya nini. Tukumbuke pia kwamba siku hizi bodaboda inakufikisha hadi mlangoni, hata kwenye njia ambayo baba zetu waliipanda kwa miguu.

Hapo ndipo sifa za riadha zinapotudanganya. Polisi ya Kenya imetoa mabingwa ambao jeshi lolote la polisi duniani lingewaonea wivu. Kipchoge Keino alikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo Kiganjo, na mwaka 1968 Mexico alishinda dhahabu ya mita 1,500 mbele ya Jim Ryun. David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 London mwaka 2012, ni polisi. Ezekiel Kemboi, bingwa wa kuruka viunzi na maji, ni polisi. Ila pumzi ya Rudisha haimsaidii konstebo anayepanda kilima cha Bukura usiku kufuata kelele za wizi wa ng'ombe. Bingwa mmoja hapandishi wastani wa kituo.

Na wastani huo ni suala la uhai wa askari mwenyewe. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa vifo 441 vya ghafla vya moyo miongoni mwa polisi wa Marekani, vilivyotokea kati ya 1984 na 2010. Ikilinganishwa na kazi za kawaida, hatari ya kufa ghafla ilikuwa mara 34 hadi 69 wakati wa purukushani za kumdhibiti mtu, na mara 32 hadi 51 wakati wa kumfukuza mshukiwa. Fikiria siku ya askari ilivyo: saa nyingi za kukaa au kusimama kizuizini, chai na mandazi, halafu ghafla dakika mbili za mbio kali. Moyo uliozoea kiti huulizwa swali gumu bila onyo. Kasi ya dakika hizo mbili huenda anayo bado. Kinachokosekana ni msingi wa chini yake.

Kwa hiyo tufunge tredimili Bukura? Hapana. Mashine nzuri ni ghali, inataka umeme usiokatika katikati ya hatua ya nne, inataka fundi, na inampima mtu mmoja kwa wakati. Mahali pake ni hospitali kubwa ya mjini Kakamega, kwa askari waliovuka miaka 40, wenye shinikizo la damu, na wale ambao daktari anataka kuusoma moyo wao wakiwa kazini. Wengine wote wanaweza kupimwa kwenye uwanja wowote ulionyooka: futi kamba, vibao viwili, spika ya simu inayotoa milio. Au hata dakika kumi na mbili za Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, aliyeonyesha mwaka 1968 kwamba umbali ambao mtu anakimbia katika muda huo unakaribia sana kinachosomwa na maabara. Kwa hesabu yake, anayefikisha mita 2,400 yuko kwenye mililita 42 hivi, na anayeishia mita 2,000 yuko kwenye 33, chini kidogo ya kile wanachodai Waingereza. Bukura, yenye chuo cha kilimo kilichozoea kupima mashamba, haitakosa mtu wa kuvuta futi kamba.

Kipimo cha wazi kina faida nyingine, na hapa narudi kwenye hofu ya yule kijana. Tarehe 14 Julai 2014 makurutu 10,000 walisajiliwa nchini kote kwa siku moja. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilikwenda mahakamani ikilalamikia ufisadi na ukiukaji wa taratibu, na Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikaufuta usajili wote. Mbio zilikuwamo katika zoezi lile kama kawaida, na hazikuziba mwanya. Aliyetangulia kumaliza alibaki akingoja jina lake lisomwe na mwenye daftari. Alama inayosikika na uwanja mzima, ngazi ya ngapi na mzunguko wa ngapi, ni vigumu zaidi kuibadilisha kati ya uwanja na ofisi. Haitaondoa hongo, lakini mtoaji na mpokeaji watalazimika kufanya kazi yao mbele ya mashahidi mia mbili.

Kwa askari walio kazini tayari, ugumu uko kwingine. Polisi wetu wanajua kwamba uhamisho unaweza kuwa adhabu, na karatasi yoyote yenye jina lako na alama mbovu inaweza kukupeleka mbali na watoto wako. Wakihisi kipimo ni mtego, watatafuta barua ya daktari ya kuwasamehe, na hao watakaosamehewa ndio hasa wanaostahili kupimwa. Uingereza anayeshindwa hupewa msaada na nafasi ya kurudia, na takwimu zao zinaonyesha kwamba wengi wa wanaoshindwa ni wanawake, jambo ambalo sisi pia tungelazimika kulipangia mazoezi ya mapema. Mimi ningeanza na sharti moja dogo: kwa miaka miwili ya kwanza, matokeo yaende kwa mhudumu wa afya na kwa askari mwenyewe, yasifike mezani kwa OCS, mkuu wa kituo. Na OCS naye apimwe siku hiyo hiyo, wa kwanza kwenye mstari.