Wakili anapogeuka ‘mteja’: Kwa nini kimya hula imani

MKULIMA wa Endarasha, eneo la Kieni, anayetaka kumwona wakili wake mjini Nyeri hana budi kuamka mapema, kukamua ng’ombe, kupeleka maziwa, kisha kuabiri matatu ya kupitia Mweiga. Afikapo afisini huambiwa na karani kwamba wakili yuko mahakamani. Akirejea nyumbani jioni bila neno lolote, atakuwa amepoteza nauli pamoja na siku nzima ya kazi ya shamba. Safari mbili za aina hiyo zatosha kumfanya aamini kuwa hakuna linalofanyika, hata ikiwa faili yake inasonga sawasawa na matakwa ya sheria.

Mkulima huyo si mjinga, wala hana haraka isiyo na msingi. Mnunuzi wa viazi katika soko la Karatina aweza kufungua gunia na kuona kilichomo. Mteja wa wakili, mhasibu au mpimaji ardhi hana gunia la kufungua. Hawezi kujua kama hati ya kiapo aliyoandikiwa ni bora au ni hafifu, na pengine hatajua hata kesi ikiisha, kwa maana kesi nzuri huweza kushindwa na mbovu ikashinda. Mnamo 1973, wanauchumi Michael Darby na Edi Karni walieleza kwamba zipo huduma ambazo mnunuzi hushindwa kuzikadiria hata baada ya kuzitumia. Kwa kukosa kipimo cha kazi yenyewe, mteja hushika kile anachoweza kukipima: je, simu ilipokelewa? Barua ilijibiwa baada ya siku ngapi? Watafiti watatu wa Marekani, Parasuraman, Zeithaml na Berry, walipotoa kipimo chao cha ubora wa huduma mwaka 1988, wepesi wa kumwitikia mteja ulikuwa miongoni mwa nguzo zake tano.

Kesi za mirathi, ambazo ni nyingi katika eneo hili la wenye mashamba, zaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Mjane anapofungua maombi ya kusimamia mali ya marehemu mumewe, tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na mwenye pingamizi hupewa siku 30 za kujitokeza. Hati ya usimamizi ikishatolewa, Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, kwa kawaida hutaka miezi sita ipite kabla hati hiyo haijathibitishwa na mahakama. Ni baada ya uthibitisho huo ndipo shamba laweza kugawanywa na kuandikishwa kwa majina ya warithi.

Kwa hiyo miezi saba au zaidi hupita ambapo wakili hodari na wakili mzembe huonekana sawa kabisa, kwa kuwa wote wawili wananyamaza. Tofauti ni kwamba mmoja alimweleza mjane tangu siku ya kwanza kuwa kimya hicho kimeamriwa na sheria, na mwingine hakumweleza.

David Maister, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard na baadaye akaandika kwa mapana kuhusu uendeshaji wa kampuni za wataalamu, aliligusa suala hili katika makala yake ya mwaka 1985 kuhusu watu wanaosubiri foleni. Alionyesha kwamba kungoja bila kuelezwa sababu huonekana kurefu kuliko kungoja kulikoelezwa, na kwamba kusikojulikana mwisho wake huchosha kuliko kwenye kikomo kinachofahamika. Wahenga wa Kiswahili walikwisha kusema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, ingawa hawakuwa na habari za foleni za benki.

Simu ya mkononi imeongeza makali ya tatizo. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, mkulima aweza kutuma ada ya wakili akiwa amesimama kando ya zizi, na ujumbe wa kuthibitisha kuwa fedha zimefika ukamjia papo hapo. Ikiwa pesa zake zimesafiri kwa sekunde chache, hataelewa kwa nini jibu la swali lake lichukue wiki tatu. Kuna kinaya hapa ambacho Wakenya hukitumia kila siku bila kukiwazia. Kutokana na sauti ile ya kampuni za simu inayotangaza kwamba mteja hapatikani, neno ‘mteja’ mitaani limekuwa jina la mtu asiyepatikana. Katika malalamiko mengi anayeitwa hivyo ni wakili.

Hata hivyo, haifai kuchanganya kasi ya jibu na kasi ya kazi. Yapo mashauri ambamo hizo mbili ni kitu kimoja. Ng’ombe anayeonyesha dalili za joto asubuhi hufaa kupandishwa jioni ya siku hiyo, na anayezionyesha jioni hupandishwa asubuhi inayofuata. Mtaalamu wa kupandisha akichelewa, mfugaji husubiri takriban siku 21 nyingine, huku akilisha ng’ombe asiye na mimba. Enzi ambapo huduma hiyo iliendeshwa na Serikali, ikitumia mbegu za kituo cha Kabete kilichoanzishwa mwaka 1946, gari lilipita kwa njia na saa maalumu, na wafugaji wakangoja na ng’ombe wao kando ya barabara. Leo mfugaji humpigia simu mtaalamu wa kibinafsi, na asipopata jibu humpigia mwingine. Huyo amehukumu kazi halisi, kwani kuchelewa ndiko kuharibika kwa kazi.

Wakili hawezi kuifupisha miezi sita ya sheria. Anachoweza ni kufupisha muda ambao mteja anakaa gizani. Wakili wa mji mdogo hushinda mahakamani asubuhi akiwa amezima simu, na mara nyingi hana zaidi ya karani mmoja. Lakini karani huyo aweza kuandika ujumbe wa maneno kumi: tangazo limechapishwa, siku 30 zinaisha tarehe fulani. Linalodhuru kuliko kimya ni jibu la haraka lisilo la kweli. Karani ambaye kila akipigiwa husema “piga kesho” amejibu upesi, na kila kesho inayopita humwondolea mwajiri wake heshima kidogo.

Madhara hayaishii kwenye heshima. Mjane asiyesikia lolote huenda akahamia kwa wakili mwingine, akalipa malipo ya kwanza upya, na faili ikachelewa kwa kuhamishwa. Au familia huamua kwamba kesi imekufa, ikauza kipande cha shamba ili kulipa karo. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi huhesabu kuingilia mali ya marehemu bila idhini kuwa kosa, lenye faini isiyozidi Sh10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Anayeona amepuuzwa ana njia nyingine. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Mawakili kimeunda Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, ambayo hupokea malalamiko na huweza kupatanisha pande mbili pale kosa si kubwa. Mazito hupelekwa mbele ya Jopo la Nidhamu, lenye mamlaka ya kumkemea wakili, kumtoza faini, kumsimamisha au kumfuta katika orodha. Mlalamishi hutakiwa kueleza alichoagiza, alicholipa na lini alijibiwa, hivyo risiti na ujumbe wa simu vyafaa kuhifadhiwa.

Kwa mjane wa Endarasha, lililo muhimu ni tarehe ya kutimia kwa miezi sita. Akiwa nayo kwenye karatasi, hana haja ya kupanda matatu Jumatatu ijayo.