Majina ya Kazi katika Utayarishaji wa Filamu: Mfano wa Izigo

Makala haya yanajadili misingi ya utayarishaji na usimamizi wa filamu kwa kuanzia pale ambapo mwanaisimu ana la kusema, yaani majina ya kazi. Katika Kiswahili mwongozaji na mtayarishaji ni watu wawili. Mwongozaji huamua onyesho litaonekanaje na mwigizaji atamkeje. Mtayarishaji hutafuta fedha, vibali, watu na muda. Katika filamu nyingi za video zilizotolewa Dar es Salaam tangu miaka ya 2000, mtu mmoja amezishika nafasi zote mbili na pengine kuigiza juu yake. Hapo kazi moja huimeza nyingine, na aghalabu inayomezwa ni ile isiyoonekana kwenye skrini.

Tuchukulie kwamba wanafunzi wanataka kupiga filamu ya dakika 20 kule Izigo, wilayani Muleba. Muswada una maonyesho matatu kibanjani, katikati ya migomba, mawili gulioni na moja bandarini Kemondo. Msomaji huyafuata kwa mpangilio wa visa. Mtayarishaji huyapanga upya kwa mahali. Yale ya kibanjani hupigwa yote kwa mfululizo, hata kama la kwanza ni la harusi na la mwisho ni la msiba. Kwa kila onyesho huandikwa wahusika, mavazi, vifaa, na kama ni mchana au usiku. Orodha hiyo ndiyo inayozaa ratiba, na ratiba ndiyo inayozaa bajeti. Anayeanza na bajeti anakisia tu.

Ukanda wa Bukoba hupata mvua nyingi, hasa Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, hivyo ratiba haina budi kuwa na siku za akiba. Wengine hushauri kuhamia ndani mvua inaponyesha. Ushauri huo haufai chini ya paa la bati, kwani kinasa sauti hakitasikia kingine. Kibali nacho, kinachodaiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, kitafutwe mapema.

Suala la sauti linatufikisha kwenye lugha. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, Usambara, mradi wa majaribio ya sinema ya elimu ulioongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham ulitoa filamu zipatazo 35. Picha zilipigwa bila sauti, na maelezo yakarekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali. Kwa njia hiyo filamu ileile iliweza kusema Kiswahili hapa na Kiganda kule. Hata hivyo, mwigizaji alinyang'anywa kinywa chake, kwa kuwa lugha iliongezwa kazi nyingine zikiwa zimekwisha.

Wahusika wa Izigo wakizungumza Kihaya, na tafsiri ya Kiswahili ikaandikwa chini ya picha, mfasiri anapaswa kuingizwa kwenye bajeti kabla ya mpiga picha. Tafsiri hiyo huwa mistari miwili, nayo hudumu kwa sekunde chache tu. Methali ya Kihaya inayohitaji sentensi tatu za Kiswahili haitoshei hapo. Mfasiri aisome kwenye muswada, waigizaji wakiwa bado hawajaikariri.