Shule ya kiangazi ya kompyuta ni nini?

Wasikilizaji wetu wa Msamvu, hasa mnaosoma SUA na Mzumbe, mmeuliza kuhusu "shule ya kiangazi" ya kompyuta. Jina limetoka Ulaya, ambako Julai ni joto na vyuo vimefungwa. Kwetu ni kipupwe, baridi ya Uluguru inauma!

Ni mafunzo ya siku chache kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka nchi mbalimbali. Hayatoi shahada, anayekuahidi shahada humo, mkimbie.

Mfano wa karibu ni Data Science Africa: ilifanyika Nyeri, Kenya, mwaka 2015, Kampala 2016, na Arusha 2017, katika Taasisi ya Nelson Mandela. Humo watu huandika programu kwa mikono yao, kwa matatizo ya huku kwetu. Watafiti wa Makerere, kwa mfano, wameifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya mihogo, kama batobato, kwa picha ya jani iliyopigwa na simu. Lakini kwanza mjuzi wa mimea huonyesha jani lipi ni gonjwa na lipi ni zima. Akikosea, programu itamdanganya mkulima. Kwa hiyo wa kilimo nanyi ombeni, msiwaachie wa kompyuta peke yao.

Ulizeni nauli mapema: baadhi ya shule huwalipia wanaochaguliwa, nyingine hapana.