Vita vinapomnyima mama siku tatu za kuloweka muhogo

Vita vikifika kijijini, mahindi ya ghalani huchukuliwa, mbuzi huswagwa na maharage hukosa wa kuyavuna. Kinachobaki ni muhogo. Umejificha ardhini, unaweza kusubiri mwaka mzima au zaidi, na aliyekimbia anaweza kurudi kwa siri akachimba mizizi ya kulisha watoto.

Ndivyo zao hili lilivyookoa familia nyingi Kivu na Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (DRC), na kaskazini mwa Msumbiji. Lakini muhogo mchungu una masharti, na sharti lake kubwa ni muda. Unatakiwa kumenywa, kulowekwa kama siku tatu, kisha kuanikwa ukauke. Mama anayekimbia na watoto mgongoni hana siku tatu.

Akifupisha maandalizi kwa wiki kadhaa, huku kitoweo hakuna, watoto na yeye mwenyewe wanaweza kupata konzo.

Miguu iliyofungwa

Konzo ni neno la Kiyaka, lugha ya kusini magharibi mwa DRC, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Mwitaliano, Giovanni Trolli, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1938 katika eneo la Kwango.

Huja ghafla. Mtoto aliyelala mzima anaweza kuamka miguu yote miwili imekakamaa, hawezi kusimama. Baadhi hubaki wakitembea kwa ncha za vidole, wengine kwa fimbo, na wapo wasiotembea tena. Hauambukizi, lakini ulemavu wake ni wa kudumu. Huwapata zaidi watoto waliovuka miaka mitatu na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Chanzo ni sayanidi, sumu inayotokana na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri. Mwili huweza kuipunguza makali, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa inayopatikana katika vyakula vya protini kama maharage, samaki, mayai na nyama. Anayekula muhogo mtupu asubuhi na jioni hukosa kinga hiyo.

Ukame na vita

Mwaka 1981, wakati wa ukame mkali, zaidi ya watu 1,000 walipata konzo katika mkoa wa Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ugonjwa ulizuka Tarime, mkoani Mara, nako wakati wa ukame. Ukame huongeza sumu ndani ya mizizi.

Mwaka 1992 na 1993 konzo ilirudi Nampula, safari hii wilayani Mogincual, na watafiti waliihusisha na vita. Watu walikuwa wamehama mashamba yao, chakula kingine kimekwisha, na muhogo ukaliwa kabla ya kuandaliwa ipasavyo.

Mazingira ya namna hiyo yapo leo. Tathmini ya kimataifa ya usalama wa chakula ya mwaka 2025, inayofahamika kama IPC, ilionyesha watu wapatao milioni 28 nchini DRC wanakabiliwa na njaa kali. Cabo Delgado, inayopakana na Mtwara, haijatulia tangu mashambulizi yalipoanza Oktoba 2017.

Msaada unaofika sahani ya mtoto

Chakula cha msaada huokoa maisha siku za mwanzo. Lakini familia ikipitwa na msimu wa kupanda, itasubiri hadi msimu mwingine. Ndiyo maana mbegu na majembe vinatakiwa kufika kabla ya mvua, pamoja na malori ya unga.

Maharage hukomaa ndani ya miezi mitatu hivi, na mboga za majani ndani ya wiki chache. Hayo ndiyo mazao yanayoweza kumpa mtoto protini na vitamini mapema, hata kwenye kipande kidogo cha ardhi jirani na kambi. Kuku wachache huongeza mayai. Muhogo wenyewe hupandwa kwa vipande vya shina, hivyo shamba likitelekezwa au kuchomwa, familia inayorejea huhitaji pia mbegu safi zisizo na magonjwa.

Mei 2018, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2417 linalolaani kuwatumia raia njaa kama silaha. Hata hivyo, mama anayehofia kubakwa njiani hatakwenda kupalilia. Usalama wa njia ya shambani ni sehemu ya lishe ya mtoto wake.

Kulowanisha unga

Ipo njia rahisi ya kupunguza sumu iliyobaki kwenye unga wa muhogo, iliyobuniwa na mtafiti Howard Bradbury wa Australia. Akina mama wa Nampula waliipokea vizuri. Katika kijiji cha Kay Kalenge, DRC, ilipoanza kutumika mwaka 2010, hakuonekana mgonjwa mpya wa konzo katika kipindi cha ufuatiliaji.

1. Weka unga mkavu kwenye bakuli na utie alama ndani, pale unga ulipofikia.
2. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda. Acha ukirudi kwenye alama.
3. Tandaza unga huo kwenye mkeka safi au sinia, unene usizidi sentimita moja.
4. Acha juani saa mbili, au kivulini saa tano, ili sumu itoke kama hewa.
5. Songa ugali siku hiyohiyo.

Njia hii haichukui nafasi ya kuloweka muhogo. Kisamvu nacho kitwangwe na kuchemshwa vizuri, na ugali wa muhogo uambatane na maharage, dagaa au karanga kila inapowezekana.

Mtoto akilegea, kukakamaa au kushindwa kusimama ghafla, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na mzazi amweleze mhudumu chakula alichokula wiki za karibuni.