Vita vya njaa duniani vianzie Kibera na Kawangware

Yapo maoni yaliyoenea kwamba njaa ya ulimwengu ni shughuli ya mataifa makubwa. Marekani ilete meli za ngano, Ulaya itoe fedha, nasi wa mataifa madogo tupange foleni na mabakuli mikononi. Maoni hayo hayana mashiko, na ushahidi tunao papa hapa nchini.

Kwa mujibu wa makadirio ya Umoja wa Mataifa, watu wapatao milioni 673 walikabiliwa na njaa duniani mwaka 2024. Kati yao, milioni 307 walikuwa Waafrika, yaani zaidi ya mmoja kwa kila watano barani humu. Kinaya ni kwamba UNEP, shirika lenye makao yake makuu Gigiri, Nairobi, lilikadiria kuwa chakula cha zaidi ya tani bilioni moja kilitupwa mwaka 2022. Chakula basi kipo. Kilicho adimu ni uwezo wa kukifikia.

Taifa dogo laweza kufanya nini? Chukua mfano wa Njoro. Mwaka 1998 aina mpya ya kutu ya ngano iligunduliwa katika nchi jirani ya Uganda, ikapewa jina Ug99. Wataalamu waling'amua kwamba sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa duniani haikuwa na kinga dhidi yake. Tangu mwaka 2005, kituo cha utafiti cha Njoro kimepanda maelfu ya mbegu kutoka mataifa mengi ili kubaini zile zinazostahimili maradhi hayo. Mkulima wa Asia anayevuna ngano leo huenda asijue Njoro iko wapi, lakini jasho la Mkenya limo katika mkate wake.

Malawi nayo, nchi ndogo kuliko yetu, ilikumbwa na njaa kali mwaka 2005. Serikali yake iliamua kuwauzia wakulima wadogo mbolea na mbegu kwa bei nafuu. Kufikia mwaka 2007 ilikuwa ikiiuzia Zimbabwe mahindi. Mpango huo ulikuwa na gharama kubwa na haukukosa kasoro, ila ulidhihirisha kwamba anayepokea leo anaweza kuwa mtoaji kesho.

Hata hivyo, mcheza kwao hutunzwa. Hatuwezi kusimama mbele ya mataifa na kuhubiri kuhusu njaa ilhali Kibera na Kawangware watu wanalala bila kula. Njaa ya mitaa hii si ya ukosefu wa mvua. Soko la Toi limejaa mboga, na la Kawangware halikosi viazi wala maharagwe. Hii ni njaa ya mfuko. Mfanyakazi wa kibarua hununua unga kwa kikombe na mafuta ya kupima, kwa kuwa hana fedha za kununua pakiti nzima. Mwishowe maskini hulipa zaidi kwa kila kipimo kuliko tajiri anayejaza kikapu chake katika duka kubwa.

Wakazi wenyewe hawajakaa kitako. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007, familia nyingi za Kibera zilianza kulima ndani ya magunia, zikisaidiwa na shirika la Kifaransa la Solidarités. Gunia hujazwa udongo, mawe yakapangwa katikati ili maji yapenye, kisha sukuma wiki na spinachi hupandwa juu na ubavuni. Gunia moja haliwezi kuondoa haja ya unga, na maji ya mtungi hununuliwa. Lakini mama anayechuma mboga mlangoni pake ameokoa fedha za kununulia chakula kingine. Maarifa hayo yanaufaa mji wowote duniani ambako watu wengi hawana shamba.

Mfano wa pili ni Dishi na County, mpango ulioanzishwa mwaka 2023 na Kaunti ya Nairobi pamoja na shirika la Food4Education. Mzazi hulipa shilingi tano tu kwa mlo wa mtoto, gharama iliyosalia ikibebwa na kaunti na washirika wake. Ni jambo la kupongezwa. Lakini mpango huo ulilenga shule za umma, ilhali watoto wengi wa Kibera na Kawangware husomea shule ndogo za kijamii na za watu binafsi, kwa sababu shule za umma ni chache mitaani humo. Je, ni haki mtoto mmoja ale na jirani yake ameze mate, eti kwa kuwa lango la shule yake lina jina tofauti?

Wakuu wa kaunti hawana budi kuwafungulia watoto hao milango. Aidha, serikali kuu itimize ahadi ambayo mataifa ya Afrika yalitoa mjini Maputo mwaka 2003, ya kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Na mitaa ya mabanda ipate maji safi kwa bei ya haki, kwani bila maji gunia la mboga ni gunia la udongo.

Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Haikusema haki hiyo ni ya wakazi wa mitaa ya kifahari peke yao.

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kenya haina maghala ya kuulisha ulimwengu, lakini inaweza kuutolea mbegu, maarifa na mfano mwema. Mfano huo hautaaminika hadi mtoto wa Kibera na wa Kawangware washibe.