Sahani Mbili za Mizani

Tuseme mkulima wa alizeti kutoka Iramba, katika Mkoa wa Singida, amepeleka mbegu zake sokoni. Mnunuzi anaweka jiwe la kilo moja katika kitanga kimoja cha mizani. Katika kitanga cha pili anamimina mbegu mpaka mkono wa mizani ulale sawasawa. Je, mbegu hizo ni kilo moja kamili?

Kabla ya kujibu, tuitazame mizani yenyewe. Warumi wa kale, ambao lugha yao ilikuwa Kilatini, waliita sahani pana ya chakula lanx. Jina hilo hilo walikipa kitanga cha mizani, kwani kilifanana na sahani iliyotundikwa. Mizani yenye sahani mbili iliitwa bilanx, na kutokana na neno hilo Wafaransa na Waingereza wamepata neno balance. Kiswahili nacho kimefuata njia iyo hiyo: kitanga ni mkeka mdogo wa mviringo, tena ni sahani ya mizani. Lakini neno mizani limetoka katika Kiarabu, pamoja na ndugu yake uzani.

Mizani ya namna hii haisomi uzito. Hulinganisha vitu viwili tu. Ili ilinganishe kwa haki, mikono yake miwili lazima iwe na urefu sawa kutoka kwenye egemeo. Mnalijua jambo hili mnapocheza kwa kuketi kwenye ncha mbili za gogo: mtoto mdogo aliye mbali na egemeo huweza kumwinua mkubwa aliye karibu.

Sasa tuseme mkono wa upande wa jiwe una sentimeta 33, na wa upande wa mbegu una sentimeta 30. Jiwe la gramu 1,000 litalingana na mbegu za gramu 1,100. Basi mkulima anayelipwa kilo 10 ametoa kilo 11. Kuitazama mizani ikiwa tupu hakutoshi, maana mdanganyifu huongeza uzito kidogo katika kitanga cha mkono mfupi, na mizani ikalala sawasawa.

Dawa yake ni rahisi. Badilisha: mbegu ziende mahali pa jiwe, na jiwe mahali pa mbegu. Mizani ya haki italala sawasawa tena. Katika mizani yetu mbovu, kitanga chenye mbegu kitashuka mara moja.

Siku hizi wanunuzi wengi hutumia mizani ya kielektroniki isiyo na vitanga viwili, nayo haiwezi kupimwa kwa njia hii. Ndiyo sababu maofisa wa Wakala wa Vipimo hukagua mizani za biashara.

Jaribio

Chukua ufito ulionyooka wenye urefu wa sentimeta 60, uzi, na vifuniko viwili vya makopo vinavyolingana. Funga kifuniko kimoja kila ncha, kisha tundika ufito kwa uzi uliofungwa katikati. Linganisha kokoto moja na maharage, halafu vibadilishe.

Sasa sogeza uzi wa katikati uwe sentimeta 28 kutoka ncha moja. Bandika udongo wa mfinyanzi chini ya kifuniko cha upande mfupi mpaka ufito ulale sawasawa. Linganisha tena kokoto na maharage, kisha vibadilishe, lakini usiondoe udongo. Umeona nini? Andika katika daftari lako.