Gemu Inayokunyima Ndiyo Utakayoirudia

Kwenye vibanda vya gemu vya Kyebando, Kampala, mpira ndio unaoingiza pesa. Unalipia mechi, unacheza dakika zako, ukifungwa unampisha anayesubiri. Gemu za kuvaa uhusika, zile ambazo wachezaji huziita RPG, haziifai biashara hiyo. Zinataka saa thelathini, hamsini, wakati mwingine mia moja. Zinataka hatua uliyofikia ihifadhiwe mahali ambapo mteja wa kesho hataifuta. Wala hakuna wa kumfunga. Mpenzi wa gemu hizi hujifungia chumbani na laptopu ya mtumba au simu, kwa bando lake mwenyewe na umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, alioununua mwenyewe.

Ndiyo maana swali la gemu ipi inarudika, yaani ipi inastahili kuanzwa upya baada ya kumalizwa, si swali la anasa hapa. Penye intaneti rahisi mtu akimaliza gemu anashusha nyingine. Uganda, tangu Julai 2021, kila bando linabeba ushuru wa asilimia 12, uliokuja kuchukua nafasi ya ile tozo ya shilingi 200 kwa siku iliyowekwa kwenye mitandao ya kijamii mwaka 2018. Sasa itazame Baldur's Gate 3, iliyotoka 2023 na kusifiwa kila kona: inadai gigabaiti 150 za nafasi. Laptopu yenye diski ya gigabaiti 256 itabaki haina pa kupumulia, na bando la kuishushia hiyo gemu ni hesabu ya kukosesha usingizi. Gemu ikishaingia kwenye mashine ya namna hiyo, ikae miezi na ifanye kazi.

Kosa la kawaida ni kupima gemu kwa urefu wake. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ilikuja kwenye diski tatu, na hadithi yake bado inawatoa watu machozi. Lakini ukiianza tena, yule anayekufa atakufa pale pale, na jiji litaporomoka kwa saa yake. Unaicheza kwa ajili ya kumbukumbu. Hilo si dogo, nami sitamcheka mtu anayeirudia kila mwaka, ila ni raha tofauti na ile ya kugundua kitu ambacho mara ya kwanza hukukiona kabisa.

Kipimo changu ni kingine. Naiuliza gemu: utaninyima nini? Gemu inayokupa kila kitu katika safari moja haina sababu ya kukuita tena. Mfano mzuri ni Skyrim ya mwaka 2011. Mhusika mmoja tu anaweza kuongoza chama cha wapiganaji, akawa mkuu wa chuo cha wachawi, akatawala kundi la wezi na kusikilizwa na wauaji wa siri, na hakuna hata mmoja kati ya hao atakayeuliza amepata wapi muda. Ukimaliza umeonja vyote. Kinachowarudisha watu Skyrim mwaka baada ya mwaka ni modi, yaani nyongeza ambazo wachezaji wenyewe wanazitengeneza na kugawana, nazo zinabadilisha kila kitu kuanzia hali ya hewa hadi hadithi nzima. Lakini modi nazo zinashushwa kwa bando.

Fallout: New Vegas ilitoka mwaka mmoja kabla, ikitengenezwa na studio ya Obsidian kwa takriban miezi kumi na minane, na inafanya kinyume. Jangwa la Mojave lina wanaoligombania: jamhuri yenye jeshi kubwa na urasimu mkubwa zaidi, jeshi la watumwa linaloiga Roma ya kale, tajiri mmoja asiyetoka ndani ya jengo lake, na njia ya nne ya kuwakataa wote na kuuchukua mji mwenyewe. Huwezi kuwatumikia wote mpaka mwisho. Unafika mahali mmoja akikukumbatia mwingine anatuma watu wa kukuua, na kazi zote alizokuwa nazo kwa ajili yako zinakufa hapo. Zaidi ya hapo, ukimjenga mhusika mwenye akili ndogo, kuna mazungumzo ambayo hatayamudu kamwe, na kuna mengine ya kuchekesha ambayo mwenye akili hatayaona. Gemu hii inachukua gigabaiti kama kumi tu, na mashine iliyozeeka inaihimili.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. The Witcher 2 ya mwaka 2011 inakutaka mwishoni mwa sura ya kwanza uchague kati ya Roche na Iorveth, na kwa uamuzi huo sura ya pili karibu yote inabadilika: kambi nyingine, watu wengine, vita ile ile ikitazamwa kutoka upande wa pili. Ni ujasiri wa ajabu kwa watengenezaji kugharamia sehemu kubwa kiasi hicho ya gemu wakijua wachezaji wengi hawataiona.

Kuna pia gemu ambayo haibadilishi matukio ila inambadilisha anayeyasimulia. Disco Elysium ya mwaka 2019, kazi ya kundi la ZA/UM lenye asili ya Estonia, ni upelelezi wa mauaji ya mtu mmoja. Maiti ni ile ile, mji ni ule ule. Ila mpelelezi wako ana vipaji 24, na kila kipaji ni sauti inayomsemesha kichwani: mantiki inabishana na hofu. Vipaji unavyovilisha ndivyo vinavyosema kwa sauti kubwa. Anayenunua filamu zilizotafsiriwa kwenye maduka ya Kampala atanielewa haraka: picha moja ikipita mdomoni mwa mtafsiri VJ Junior na ikipita mdomoni mwa VJ Jingo, umetazama filamu mbili. Ndani ya Disco Elysium hamna mapigano ya kubonyeza vitufe. Kuna kusoma, tena kusoma kwingi, kwa hiyo asiyependa kusoma aache.

Undertale ya mwaka 2015, iliyotengenezwa kwa sehemu kubwa na mtu mmoja, Toby Fox, nayo haijazi hata robo ya gigabaiti. Unaweza kumaliza bila kumuua yeyote, au ukaua kila unayekutana naye, na gemu inakumbuka. Hata ukianza upya, baadhi ya wahusika wanaonyesha kuwa wanajua ulichowahi kufanya. Sitasema zaidi, maana kuisimulia ni kuiharibu.

Njia ya pili ya kukunyima ni ya zamani kuliko hizi zote. Karibu mwaka 1980, Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa California, na baadaye Ken Arnold, walitengeneza Rogue. Gemu nyingi za hadithi za siku zile, ukishazijua zimekwisha. Wao wakaiachia kompyuta ipange vyumba na njia za shimoni upya kila unapoanza, na wakaweka sheria kuwa ukifa umekufa: hakuna kurudi nyuma. Mhusika alikuwa alama ya @ kwenye kioo cheusi. Kutoka hapo limezaliwa kabila zima la gemu, ikiwemo Diablo ya mwaka 1996.

Mjukuu wa Rogue ninayempendekeza kwanza kwa mtu mwenye simu ya kawaida anaitwa Shattered Pixel Dungeon. Mwaka 2012 msanidi Oleg Dolya alitoa Pixel Dungeon kwa ajili ya Android, kisha akaweka wazi msimbo wake. Evan Debenham akauchukua mwaka 2014 na hajaacha kuupalilia tangu hapo. Kwenye Android ni bure, haina matangazo, haihitaji intaneti ukishaiweka, na uzito wake ni makumi machache ya megabaiti. Ukiifunga ghafla kwa sababu konda wa teksi anataka nauli, utaikuta pale pale ulipoiacha.

Ndani yake unashuka ghorofa 26 kutafuta hirizi, kupitia mifereji ya maji machafu, gereza, mapango, mji wa vibeti na ukumbi wa mashetani. Ufundi wake uko kwenye chupa za dawa. Leo dawa nyekundu inaponya. Ukifa na kuanza tena, nyekundu hiyo hiyo inaweza kuwa moto unaokuunguza miguuni. Vitabu vya uganga navyo vinabadilishana alama. Kwa hiyo maarifa unayobeba kutoka safari moja hadi nyingine si ya kukariri, ni ya kupima hatari. Unajifunza kuwa dawa usiyoijua hunywewa karibu na maji, kwa kuwa maji yanazima moto. Unajifunza kutoroka kwa ngazi. Shujaa, mchawi, mwizi na mwindaji kila mmoja anayatatua matatizo yale yale kwa namna yake, na ukishashinda mara moja gemu inakufungulia masharti ya hiari ya kujitesa nayo, kwa mfano kupunguziwa chakula. Watu wanaicheza kwa miaka. Wengi watakufa kwenye mifereji mwanzoni, tena na tena, na asiyevumilia kupoteza hataipenda hata akibembelezwa.

Njia ya tatu ni ya gemu isiyo na hadithi ya kutosha kukuchosha. Mount & Blade: Warband, ya Waturuki wa TaleWorlds kutoka Ankara, ilitoka 2010 na haizidi gigabaiti mbili. Inakuweka farasini na upanga kwenye bara lenye falme zinazopigana, kisha inakuacha. Unaweza kuwa mfanyabiashara wa chumvi, mamluki, bwana mdogo wa mfalme fulani, au muasi anayejitangazia ufalme. Sura za watu ni mbaya kutazamwa, nakiri. Vita vinabadilika kwa kuwa falme zinaamua mambo bila kukungoja.

Ninaziogopa gemu zinazojiita za bure na kudai intaneti muda wote. Genshin Impact, iliyotoka 2020, ni nzuri kwa macho na inarudiwa kila siku na watu wengi, lakini kurudi huko kunasukumwa na zawadi za kila siku na bahati nasibu ya kupata wahusika. Kila toleo jipya linakula bando tena. Siku huna data, huna gemu.

Afrika nayo imo. Studio ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016, safari ya Enzo Kori-Odan na mkewe Erine baada ya kupinduliwa. Ichezwe, lakini kwa ajili ya hadithi yake na mapigano yake, si kwa kutafuta hatima kumi. Na karibu zaidi, Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, alijifunza kutengeneza gemu kwa laptopu ambayo mama yake aliinunua kwa dola 300 alizodunduliza miaka mitatu, akitembea saa tatu kwenda kuichaji. Mtu wa namna hiyo haulizi gemu ina saa ngapi, anauliza betri itampa nini.

Ya kujaribu kabla ya kulipa? Duka la Steam linarudisha pesa ya gemu uliyocheza chini ya saa mbili, ndani ya siku 14. Cheza nusu ya muda huo na mhusika mmoja, anza upya na mwingine aliye kinyume chake, ulinganishe. Tatizo ni kwamba bando lililoishusha halirudishwi. Njia isiyo na gharama ni kuwatafuta watu wawili walioimaliza na kuwaomba wakusimulie mwisho wake wakiwa pamoja. Wakikubaliana neno kwa neno, iache. Mmoja akimkatiza mwenzake kwa mshangao kwamba mtu huyo kwake alikufa mapema, tena alimuua yeye, hapo ulizia bei.